Faili Huanza Mtaani

Hii ni hotuba iliyotolewa katika semina ya kazi na ajira kwa vijana na wazazi wa Kibera na Kawangware. Aliyezungumza ni mama mkazi wa Kawangware ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani katika ofisi za mawakili mjini. Tunaichapisha karibu yote kama alivyoisema, pamoja na baadhi ya maswali, kwa kuwa wengi wameomba nakala.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya maendeleo, wazee wetu, akina mama wenzangu, na ninyi vijana mliovuka Ngong Road kwa miguu kutoka Kibera ili mfike hapa mapema: nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuniita.

Kwanza niseme wazi, mimi si wakili. Nimepiga chapa karatasi za mawakili, nimepanga mafaili yao, na mwaka 2024 nilimsaidia mdogo wangu kupanga ombi lake mwenyewe la kuhamia Marekani kikazi. Ninayowaeleza ni yale yaliyomo katika masharti yenyewe na yale niliyoyaona kwa macho yangu. Mtu mwenye jambo gumu, kwa mfano aliyewahi kunyimwa visa au kukaa kule bila kibali, huyo amwone wakili mwenye leseni ya Marekani.

Nilikubali kuja kwa sababu ya binti mmoja wa Gatina. Mwaka 2023 mama yake aliuza cherehani, chama kikatoa akiba, majirani wakachanga. Shilingi 150,000 zikapelekwa kwa ofisi moja mjini iliyosema imemnunulia "nafasi" ya kwenda Marekani kwa njia ya maslahi ya taifa. Aliponiletea karatasi nizisome, nilikuta fomu imejazwa kwamba ana shahada ya uzamili. Binti ana diploma ya upishi na miaka mitatu ya kazi! Chini kuna sahihi yake ambayo yeye hakuitia. Bahati ni kwamba fomu ilikuwa bado haijatumwa. Lakini pesa hazikurudi, na cherehani haikurudi.

Basi jambo la kwanza mlishike: hakuna nafasi inayouzwa. Ombi hili ni ushahidi wa kazi ya mtu. Ushahidi huo haununuliwi mjini, unakusanywa pale unapofanya kazi, mwaka baada ya mwaka.

NI OMBI GANI HILI?

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 iliwapanga wanaoingia kwa ajili ya kazi katika makundi. Kundi la pili ni la wenye shahada za juu na wenye uwezo usio wa kawaida katika sayansi, sanaa au biashara. Kwa kawaida mtu wa kundi hili lazima awe na mwajiri kule Marekani. Huyo mwajiri hutangaza kazi, halafu huithibitishia wizara ya kazi ya huko kwamba hakupata Mmarekani anayefaa na aliye tayari kuifanya. Ndipo humwombea mgeni.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango mdogo pembeni. Inasema sharti la mwajiri linaweza kuondolewa ikiwa kumpokea mtu huyo ni kwa maslahi ya taifa lao. Mtu akiomba kwa mlango huu hahitaji mwajiri. Anaweza kujaza fomu I-140 mwenyewe, akatia sahihi mwenyewe na kujitetea mwenyewe kwa maandishi.

Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo ndipo matapeli wameingia. Kwa kuwa hakuna mwajiri, mtu yeyote anaweza kukwambia "mimi nitakufanyia."

Sasa nani anafaa? Awe na shahada ya uzamili au zaidi, au awe na shahada ya kwanza pamoja na miaka mitano ya kazi katika taaluma hiyo baada ya kuhitimu, kazi iliyokuwa ikipanda ngazi. Asiye na hizo aonyeshe ule uwezo usio wa kawaida, nitaueleza baadaye. Tangu Januari 2025 idara ya uhamiaji imekaza pia kwamba shahada na kazi unayotaka kufanya lazima zihusiane. Ukiwa na shahada ya uhasibu usiombe kwenda kulima uyoga.

MASWALI MATATU

Kuwa na shahada ni kufika mlangoni tu. Kuna maswali matatu ambayo kila mwombaji hupimwa nayo. Yalitokana na uamuzi uliotolewa Desemba 2016, unaojulikana kwa jina la Dhanasar.

Kwanza: kazi unayotaka kwenda kufanya ina thamani kubwa, na je, ina umuhimu kwa taifa zima?

Pili: wewe mwenyewe uko katika nafasi nzuri ya kuifanya? Una elimu, uzoefu, mpango, na watu wanaoiunga mkono?

Tatu: ukiweka yote kwenye mizani, je, Marekani itafaidika zaidi kwa kukusamehe lile sharti la mwajiri?

Wengi huanguka kwenye swali la kwanza, kwa sababu wanajibu lisiloulizwa. Wanaandika, "Mimi ni mhandisi na Marekani inahitaji wahandisi." Hapana. Hawaulizi cheo chako, wanauliza utafanya nini hasa.

Huyo Dhanasar mwenyewe alikuwa mhandisi, mtafiti na mwalimu, katika mambo ya injini za vyombo vinavyoruka kwa kasi kushinda sauti. Utafiti wake ulikubaliwa kuwa na umuhimu wa taifa. Lakini kuhusu kufundisha kwake, walisema ni jambo la thamani, ila haikuonyeshwa kwamba faida yake ingevuka wanafunzi wake na kufika mbali. Walimu mlioko hapa, mnasikia? Hawakudharau ualimu. Walisema tu kwamba kufundisha darasa lako vizuri hakutoshi kwa ombi hili. Aliyetunga njia ya kufundishia inayoweza kutumiwa na shule nyingi, huyo ana la kusema zaidi.

KARATASI ZA MTAANI

Sasa nije kwa mdogo wangu, maana ndipo nilipojifunza.

Yeye ni mhandisi wa maji. Ana shahada ya kwanza. Alifanya kazi miaka miwili katika mradi wa maji Kibera, upande wa Silanga, halafu miaka minne katika kampuni moja ambayo jina lake naliacha. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali maji yanapovuja kwenye mabomba ya mtaa uliobanana, kwa vifaa vya bei nafuu. Ni kazi nzuri. Lakini tulipoketi mezani na bahasha yake, tulikuta nini? Cheti cha shahada, kitambulisho, na picha ya sherehe ya kuhitimu. Miaka sita ya jasho, na hakuna hata ukurasa mmoja!

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ni vivyo hivyo.

Masharti yanataka barua ya kila mwajiri, yenye jina, cheo na anwani ya anayeandika, na maelezo ya kazi uliyoifanya. Ile kampuni ilikuwa imefungwa. Tulikwenda tukakuta duka la viatu. Hapo kijana wa saiba akamwambia mdogo wangu, "Brathe, hiyo si shida. Nipe elfu tatu, kesho una barua na muhuri." Nawaambia ukweli, mdogo wangu alinyamaza. Alikuwa akiifikiria. Na mimi pia nilinyamaza kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu kazi yenyewe aliifanya kweli, haikuwa uongo. Ilikosekana karatasi tu.

Lakini nilikumbuka mambo mawili. La kwanza, fomu ile hutiwa sahihi chini ya kiapo. La pili, sheria yao inasema mtu akidanganya katika jambo la maana ili apate visa, mlango hufungwa kwake maisha yake yote, na msamaha wake ni wa shida sana. Barua ya shilingi elfu tatu ingeweza kumfungia nje hata siku ambayo angekuwa na kila kitu halali.

Na tulipoendelea kusoma tukaona kumbe masharti yenyewe yanaruhusu: barua ya mwajiri isipopatikana, ushahidi mwingine utaangaliwa. Basi tukaanza kutafuta. Fomu za P9 za kodi kwa miaka ile minne. Taarifa ya NSSF inayoonyesha jina la kampuni na michango ya kila mwezi. Taarifa za benki. Aliyekuwa msimamizi wake alipatikana Kisumu, akaandika yale aliyoyaona yeye mwenyewe, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Upande wa Kibera, akina mama wa kamati ya kioski cha maji walikuwa na daftari lao, wamepiga mistari kwa rula, lenye tarehe mabomba yalipotengenezwa na bili za kabla na baada. Wakaandika barua kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja akaitafsiri yote kwa Kiingereza, akatia sahihi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba yeye anazijua lugha zote mbili. Hilo ni sharti kwa kila karatasi isiyo ya Kiingereza.

Mnaona? Daftari la akina mama wa Silanga lilifika Marekani. Hakuna aliyeliandika kwa ajili hiyo. Waliliandika ili wasiibiwe maji.

Kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja wenu, awe ana nia ya kusafiri au hana, afungue faili, na ndani yake aweke:

1. Vyeti vya masomo na matokeo yote, pamoja na fotokopi.
2. Barua ya kuajiriwa, na barua ya kuacha kazi. Iombe siku unapoondoka, usingoje miaka mitano.
3. P9 za kila mwaka, hati za mshahara na taarifa za NSSF.
4. Leseni ya taaluma na risiti za kuilipia kila mwaka.
5. Ripoti, michoro, picha zenye tarehe na magazeti yaliyoandika juu ya mradi wenu.
6. Maelezo mafupi ya kila kazi: hali ilikuwaje kabla, wewe ulifanya nini, na baadaye ikawaje.

Msidhani kazi ya mtaani ni ndogo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliichora Kibera kwenye ramani ya kompyuta, mahali ambapo ramani nyingi zilikuwa zimeacha pengo, na kazi hiyo ya Map Kibera inajulikana duniani. Ushahidi, programu iliyoanzishwa hapa Kenya mwanzoni mwa 2008 wakati wa vurugu za uchaguzi, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Zote mbili ziliandikwa na kuhifadhiwa, ndiyo maana leo mtu wa mbali anaweza kuzisoma.

SIFA ZA HARUSI

Tulituma ombi. Baada ya miezi ikaja barua ya kuomba ushahidi zaidi. Mdogo wangu alidhani amekataliwa, hakula siku hiyo. Kumbe si kukataliwa. Wanakupa muda, usiozidi wiki 12, na unajibu mara moja tu, kwa hiyo ujibu kila swali.

Kosa letu lilikuwa nini? Barua za waliomsifu zilisema ni mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu, anafika kazini mapema. Jamani, hizo ni sifa za harusi! Afisa anayesoma anataka kujua kazi yako ilibadilisha nini. Pili, barua zote zilitoka kwa marafiki na mabosi. Inafaa uwe na moja au mbili kutoka kwa mtaalamu ambaye hukufanya kazi chini yake, anayeijua kazi yako kwa kuisoma au kuitumia. Tatu, mpango wetu ulisema tu "atafanya kazi ya uhandisi wa maji Marekani." Huo si mpango.

Tukaandika upya. Tukaeleza kwamba Marekani pia ina miji yenye mabomba mabovu. Maji ya Flint katika jimbo la Michigan yaliingia madini ya risasi kuanzia 2014, na mwaka 2022 watu wa Jackson, Mississippi, walikosa maji mifereji ilipokauka. Tukaeleza jinsi njia ile ya kutafuta mivujo kwa vifaa vya bei nafuu inavyoweza kufaa miji midogo mingi isiyo na fedha, angeanza na nani, na ndani ya muda gani. Hatukuahidi kuokoa Marekani. Kipimo chao si kuondoa kila shaka, ni kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Ukitia chumvi unajiharibia.

Ombi likakubaliwa. Na hadi leo ninapozungumza, mdogo wangu yuko hapa Nairobi.

GHARAMA NA FOLENI

Ndiyo, yuko hapa, kwa sababu ombi kukubaliwa si visa. Visa za kazi za makundi yote ni kama 140,000 tu kwa mwaka, na kundi la pili hupata kama 40,000. Kila mtu hushika foleni kwa tarehe ombi lake lilipopokelewa. Kwa miaka mingi watu wa nchi kama yetu hawakungoja katika kundi hili, lakini tangu Desemba 2022 foleni ilianza hata kwetu. Kila mwezi serikali yao hutoa taarifa ya visa inayoonyesha foleni imefika tarehe gani, na kuisoma ni bure. Zamu ikifika kuna fomu nyingine, cheti cha tabia njema kutoka kwa DCI, uchunguzi wa daktari, na mahojiano ubalozini Gigiri. Mke au mume na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21 wanaweza kuwemo.

Pesa za serikali ni hizi. Tangu Aprili 1, 2024, fomu I-140 ni dola 715, na anayejiombea mwenyewe huongeza dola 300. Jumla dola 1,015, yaani kama shilingi 131,000 dola ikiwa shilingi 129. Baadaye ada ya visa ni dola 345 kwa kila mtu. Ada hubadilika, kwa hiyo angalieni kabla ya kulipa. Zikilipwa hazirudi hata ukikataliwa. Na sheria zenyewe hubadilika. Mwaka 2025 Marekani iliweka vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia, Sudan na Burundi hapa karibu nasi.

Kwa hiyo msiuze shamba kwa ajili ya ombi, na msiache kazi mkingoja jibu. Mtu akikusaidia kuijaza fomu, lazima jina lake liandikwe humo kama aliyeitayarisha. Akikataa jina lake lisiandikwe, ondoka.

Nimemaliza, nangoja maswali. Lakini wengi wenu ombi hili haliwafai, na hiyo si aibu. Kujua leo ni nafuu kuliko kujua baada ya cherehani kuuzwa. Asanteni.

MASWALI

Kijana wa Laini Saba: Mama, sina digrii, lakini nimetengeneza kompyuta miaka 12. Je, naweza?

Jibu: Kuna ule mlango wa uwezo usio wa kawaida. Unahitaji angalau mambo matatu kati ya sita: cheti cha masomo katika fani hiyo, barua za kuthibitisha miaka 10 ya kazi ya muda wote, leseni, malipo yanayoonyesha uwezo wako, uanachama wa chama cha taaluma, au kutambuliwa na wenzako au serikali kwa mchango wako. Halafu bado yale maswali matatu yapo. Sitakudanganya, mwanangu. Kutengeneza kompyuta za wateja, hata kwa ustadi, ni vigumu kuonyesha kwamba kunagusa taifa zima. Ukiwa na jambo ulilobuni, anza kuliandika.

Muuguzi wa Kawangware: Wengi wetu tunaambiwa tutumie njia hii. Je, ni kweli?

Jibu: Kwa muuguzi wa kawaida mara nyingi si njia yake. Wizara ya kazi ya Marekani imekwisha kukubali kwamba wauguzi hawatoshi, kwa hiyo mwajiri wako hahitaji kutafuta Mmarekani kwanza. Lakini mwajiri lazima awepo. Utahitaji pia kufaulu mtihani wa NCLEX na kupata cheti cha VisaScreen. Wakala wa hapa akikwambia ana mwajiri, hakikisha kwanza kwamba ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Madaktari wana sheria yao ya mwaka 1999: msamaha kwa anayekubali kuhudumu miaka mitano sehemu yenye upungufu wa madaktari.

Mzee wa Makina: Binti yangu, umesema vizuri. Lakini mnawafundisha watoto wetu kuondoka. Sisi tutabaki na nani?

Jibu: Mzee wangu, swali hilo nimelala nalo usiku mwingi, maana anayengoja foleni ni mtoto wa mama yangu. Sikuja kumwambia mtu aende. Wanaotaka kwenda watajaribu tu, na nikinyamaza watafundishwa na yule wa elfu tatu. Lakini angalia lile faili. Mdogo wangu alipolipanga, ndipo kwa mara ya kwanza alipoona kwa maandishi alichokifanya Silanga. Kwa karatasi hizo hizo amepata kazi nyingine ya maji hapa Nairobi, na wale akina mama wamezitumia kuomba bomba la pili. Zamu yake ikifika ataamua. Kwa sasa, Jumamosi yuko Silanga na spana yake.